Kitanda cha mtoto cha mbao za mitiki, Ngamiani, Tanga: nyota tatu

Nianze na bei, maana najua wengi mnaishia hapo: shilingi 280,000, bila godoro. Nusu nilitoa siku ya kuagiza, nusu siku ya kuchukua. Guta la kukifikisha Makorora ni 5,000, na kijana wa guta alikipandisha ngazi mpaka chumbani bila kudai cha juu. Yeye ningempa nyota zote tano.

Fundi aliahidi wiki mbili. Nimekipata wiki ya tisa. Niliingia pale na mimba ya miezi mitano nikatoka na ya miezi saba, na katikati hapo nimekalia lile benchi la karakana alasiri nyingi kuliko ninazotaka kuhesabu. Kila safari ilikuwa na sababu yake: leo umeme, kesho vanishi, keshokutwa msiba Pongwe. Siku moja nilikuta kitanda changu hakijaguswa, ila kimebebeshwa jeneza la msonobari ambalo wenyewe walikuwa hawajalifuata. Fundi alilishusha mbiombio huku akinitazama tumbo. "Samahani mama. Hapa ndiyo hivyo, tunatengeneza vya kuja na vya kuondoka." Watu wanaipenda Tanga kwa ule msemo wa waja leo waondoka leo. Sikutegemea kuuona umepangwa hivyo, kimoja juu ya kingine, vyote viwili vikisubiri vanishi.

Mbao sina neno. Ni mitiki, na anasema ni ya Longuza. Mimi ni Mbondei wa Muheza, mitiki naijua tangu utotoni; tulikuwa tukiyafikicha majani yake machanga viganjani yanatoa wekundu kama damu, tunawatisha nao bibi zetu. Ubao wenyewe ni wa rangi ya asali, una mistari, una mafuta yake ya asili, mchwa hawana hamu nao. Alikuwa nacho cha mninga pia, 350,000. Nilikipapasa nikaendelea na safari yangu.

Tatizo lilikuwa vijiti vya ubavuni.

Nilikuwa nimesoma kwamba Wamarekani wanataka nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 6, na kwamba tangu 2011 wamepiga marufuku kabisa vile vitanda ambavyo ubavu mmoja unashuka. Sababu si ushamba. Mtoto hutanguliza miguu, kiwiliwili kikapita, kichwa kikabaki. Kipimo cha mtu asiye na futikamba ni kopo la soda: likipita kati ya vijiti, nafasi imezidi. Basi nikaenda na kopo. Nikalipitisha moja baada ya jingine mbele ya fundi na vijana wake wawili waliokuwa wanajikaza wasicheke. Kijiti cha kwanza na cha pili, halipiti. Cha pili na cha tatu, halipiti. Cha nne na cha tano, kopo likapita, likaanguka ndani, likabingirika juu ya chaga hadi upande wa pili.

"Mama, mtoto gani ana kichwa cha kopo?"

"Wa kwangu bado sijamwona, fundi."

"Mimi nimelea saba. Wote wamelala mkekani, hakuna aliyenasa."

"Mkeka hauna vijiti."

Hapo alicheka mwenyewe, akachukua penseli sikioni akaweka alama. Ilimgharimu wiki mbili kuurudia ubavu ule. Ilinigharimu mimi pia.

Sasa niseme kwa nini nang'ang'ania sentimita, maana mtadhani mimi ni mkorofi tu. Nina karatasi mbili ninazotembea nazo kwenye pochi, na kila moja ina jedwali la vyumba vinne.

Ya kwanza ilinipata dukani. Ninauza vifaa vya shule na kutoa kopi. Mwanafunzi mmoja wa chuo alileta kurasa za kitabu cha Kiingereza, mashine ikazitafuna mbili, nikamtolea upya, zile mbovu zikabaki kwangu. Karatasi yenye upande mweupe mimi siitupi, naiandikia mahesabu. Nilipoigeuza nikaliona jedwali, na mimi jedwali lolote lazima nilisome. Mwenye kitabu ni David Benatar, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kimetoka mwaka 2006. Kijana aliporudi wiki iliyofuata nikamweka kitako anifafanulie.

Hoja ni hii. Mtu akiwepo, maumivu yake ni mabaya na raha zake ni nzuri. Hapo hakuna ugomvi. Mtu asipokuwepo, kukosekana kwa maumivu ni jambo jema, hata kama hakuna wa kulifurahia. Lakini kukosekana kwa raha si jambo baya, kwa sababu hakuna aliyenyimwa. Ukizijumlisha safu mbili, asiyekuwepo hana hasara hata moja, aliyepo anayo. Kwa hiyo kila anayezaa, awe fukara au tajiri, amemtendea mtu ubaya. Benatar hasemi walio hai wafe. Anatofautisha maisha ya kuanzishwa na maisha ya kuendelezwa, na hayo ya pili yana kipimo chake. Kijana aliniambia pia kwamba kitabu chenyewe amewatabarukia wazazi wake, ingawa ndio waliomleta duniani. Nilicheka hadi nikashika ubavu. Halafu nikanyamaza.

Kama mfanyabiashara nilikiona kile chumba cha nne, cha raha zisizokuwepo, kina mchezo. Hasara niliyoiepuka unaiandika faida. Faida niliyoikosa huiandiki popote. Mtu wa daftari langu akinifanyia hivyo simwachii funguo. Lakini kila nilipojaribu kukibomoa kilinishinda. Tazama Kisiwa cha Toten pale mbele ya bandari. Waliishi watu, leo kuna magofu na makaburi. Hakuna mtu Tanga anayelala na huzuni kwamba wajukuu ambao wangezaliwa pale hawakuzaliwa, hawakula pilau, hawakuogelea. Ungeniambia wangezaliwa kuja kuteseka, ningesema afadhali hawakuja. Sasa kwa nini la mateso linanigusa na la pilau halinigusi? Ndicho chumba cha nne hicho, kimekaa.

Karatasi ya pili ni nyuma ya kadi ya kliniki. Kaichora muuguzi kwa kalamu ya bluu. Mimi nimebeba nusu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi mnaouita sikoseli, na mume wangu pia. Muuguzi alichora vyumba vinne akaandika ndani: mmoja mzima kabisa, wawili wabebaji kama sisi, mmoja mgonjwa. Akanigonga gonga mkono na ile kalamu. "Sikiliza mama. Si kwamba ukizaa wanne mmoja ndiye atakayeumwa. Kila mimba inarushiwa kura yake upya. Anaweza akawa wa kwanza, wanaweza wakawa wote, anaweza asitokee." Tanzania watoto zaidi ya 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Siku hizi kuna dawa ya haidroksiyurea na kliniki za kuwafuatilia. Zamani ilikuwa maji ya moto na dua.

Nasema zamani kwa sababu mdogo wangu alikufa nayo mwaka 1999, ana miaka kumi na mmoja. Mvua za Muheza zikianza na sisi tunaanza. Akishikwa na maumivu alikuwa hataki hata shuka limguse. Mama alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha moto usiku kucha, mimi nachochea kuni. Na asubuhi yakimwachia, neno la kwanza kutoka kinywani mwake halikuwa shukrani, lilikuwa ugomvi: nani kachukua gololi zangu? Alikuwa na gololi ishirini na tatu na alizijua moja moja.

Je, maisha yale yalifaa kuanzishwa? Wa kujibu ni yeye, na hayupo. Mama hakubali kuulizwa. Bibi yangu wa Magila alikuwa na jibu la mababu, mwana kidonda, mjukuu kovu, lakini hilo linazungumzia jeraha la mzazi. Mimi namwulizia mtoto.

Nimeshika mimba hii nikijua. Hilo nataka lieleweke. Kadi ilikuwa kwenye droo mwaka mzima kabla. Nina miaka thelathini na saba, nikaamua, mume wangu akaamua, kura tukairusha. Aliyekuwa ndani ya kura hakuitwa kikaoni.

Mwanafunzi wangu, ambaye sasa alikuwa akija hata bila kopi ya kutoa, aliniletea hadithi ya mwanafalsafa wa Marekani, Seana Shiffrin, aliyoiandika mwaka 1999. Tajiri mmoja anataka kugawa mali yake kwa watu wa kisiwani na hana njia ya kuwauliza. Anapanda ndege, anawamwagia vipande vya dhahabu kutoka juu. Wengi wanatajirika bila mkwaruzo. Mmoja kinamwangukia, kinamvunja mkono. Dhahabu yake ipo palepale, na ni nyingi, huenda hata anafurahi. Swali: tajiri hana la kujibu? Shiffrin anasema analo. Kumvunja mtu mkono ili kumwokoa na kifo, sawa, hata kama kazimia. Kumvunja mkono ili kumwongezea kitu ambacho hakukihitaji wala kukiomba, hiyo ni habari nyingine.

Kijana alidhani ananieleza mambo ya mbali. Mimi nilikuwa nawaza damu yangu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha kwamba aliyebeba nusu ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu chembe hii imejaa kwenye nchi za mbu kama zetu. Babu zangu wa Bonde walipona kwa hiyo. Mimi nipo kwa hiyo. Dhahabu imemwagwa juu yetu miaka mingi sana, na mdogo wangu ndiye iliyomwangukia mkononi.

Lakini turudi karakana. Fundi, nilipomgusia habari hizi, hakusumbuka hata kidogo. "Kila mtoto huja na sahani yake, mama," akasema, na randa haikusimama. Yeye anao saba. Takwimu za taifa za 2022 zinasema wastani ni watoto 4.8 kwa mwanamke, kwa hiyo yeye na mkewe wameshawazalia na majirani. Saa saba ya mchana binti yake wa kama miaka tisa alileta chakula, ugali na dagaa wa nazi, akasubiri kimya wanaume wamalize kula. Kisha akazikusanya sahani, akachuchumaa bombani, akaziosha kwa mchanga na sabuni ya kipande, moja moja, akazikung'uta, akazifunga kwenye kanga akaondoka nazo kichwani. Hesabu yangu zilikuwa nne. Sahani ya kwake sikuiona.

Alasiri ileile aliingia ustadhi mmoja wa madrasa ya jirani, ameleta kibao chake cha kuwekea msahafu, mguu umevunjika. Akanikuta na karatasi yangu mkononi. Akauliza, nikamweleza, nikangoja astaghafirullah. Badala yake akavuta kigoda.

"Dada yangu, hilo si la Cape Town. Hilo la kale. Alikuwepo mshairi wa Sham, Siria ya leo, Abul-Alaa al-Maarri, aliyekufa mwaka 1057. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka minne. Hakuoa, hakula nyama, na inasimuliwa aliusia kaburi lake liandikwe kwamba hii ni jinai ambayo baba yake alimtendea, na yeye hakumtendea yeyote." Akacheka kidogo. "Mwaka 2013 wapiganaji kule kwao waliikata kichwa sanamu yake. Karibu miaka elfu, na bado anaudhi watu."

Nikamwambia hata kwetu limo, Mhubiri sura ya nne, kwamba heri kuliko walio hai na waliokufa ni yule ambaye bado hajakuwako.

"Limo, ila halikuachwa peke yake. Sisi tumeambiwa katika sura ya Israa tusiwaue watoto kwa kuogopa umaskini, riziki yao na yetu iko Kwake."

"Kuua ni kwa aliyepo, ustadhi. Mimi nauliza la asiyekuwepo."

Alifikiri. "Kwa asiyekuwepo, masahaba walifanya azl, kumwaga nje, na Qurani ilikuwa ikiteremka. Hawakukatazwa."

"Basi kuzaa si lazima."

"Sikusema lazima. Nimesema halali."

Hapo ndipo nilipomwuliza lile lililokuwa linanikaba. Huku kwetu mtoto anatafuta radhi za wazazi mpaka anakufa. Wazazi hawakuniradhi, mambo hayaniendei. Sawa. Na mzazi ambaye alijua anachoweza kumletea mtoto, yeye radhi akaziombe wapi?

Randa ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza alasiri hiyo.

"Sisi mtoto akizaliwa tunamwadhinia sikio la kulia," ustadhi alisema. "Watu wanaona baraka tu. Mimi naona ni adabu. Mgeni anaambiwa amefika wapi."

"Hakuulizwa kama anakuja."

"Hakuulizwa," akakubali. Akainuka kuuliza kibao chake kitakuwa tayari lini. Akaambiwa keshokutwa, maana kesho kuna msiba Pongwe.

Kuna kijana wa Mumbai, Raphael Samuel, alitangaza mwaka 2019 kwamba atawashtaki wazazi wake kwa kumzaa bila idhini yake. Wote wawili ni wanasheria, maskini kachagua vibaya wa kushtaki. Mama yake alijibu kwamba aeleze tu kwa akili timamu wangeipataje idhini hiyo, naye atakubali kosa. Watu walimcheka sana mtoto na wakamshangilia mama. Mimi jibu la mama halinitoshi. Kwamba huwezi kuuliza hakukupi ruhusa. Mteja wangu asipopokea simu simkati hela kwenye akaunti yake kwa sababu hapatikani. Na jibu la Benatar halinitoshi vilevile, maana linamhukumu mama aliyekesha usiku kucha na kitambaa cha moto sawasawa na baba aliyetia mimba akapanda basi. Kwangu hawa hawawezi kukaa chumba kimoja cha jedwali.

Ninachoshika mimi ni kidogo. Deni ni langu. Huyu anayekuja hatadaiwa kwa miezi tisa, wala uchungu, wala titi, sitakuja kumhesabia. Radhi nitaanza kuomba mimi, kabla ya kipimo cha damu na baada yake, chumba chochote kitakachomwangukia. Mume wangu ananiambia nitamharibu mtoto. Huenda. Anaendesha lori la Horohoro, ana muda mwingi wa kufikiri barabarani, na hajaniletea hoja bora.

Haya, kitanda chenyewe. Kimeshakaa chumbani mwezi sasa. Kimesimama sawa, hakitikisiki, kona amezichonga mviringo bila kuombwa. Ubavu uliorudiwa ni mzuri kuliko ule mwingine, kiasi kwamba ninatamani ningekataa zote mbili. Kasoro ni hizi. Kijiti cha saba upande wa ukutani kinazunguka ndani ya tundu lake ukikisokota. Hakitoki, ila kinalia kama panya. Chaga moja ni fupi kidole kimoja, nimeibana kwa ukuni. Harufu ya vanishi ilikaa siku kumi na madirisha wazi, kwa hiyo usikichukue wiki ya kujifungulia. Godoro ulikatishe kwa kipimo cha kitanda chako, libane pande zote. La dukani liliacha mwanya wa vidole vitatu nikalirudisha. Mahali pa kutundika chandarua hakuna, itabidi umwambie mapema aweke nguzo.

Simu yake hapokei. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi, kabla hajaenda kwenye kahawa, na usitoe zaidi ya nusu. Nenda na kopo lako. Langu nililisahau pale siku ya kuchukua kitanda. Juzi nimepita nikaliona juu ya benchi, wamelikata mdomo, limejaa misumari.